Picha Iliyofika Siyu

Idi ikikaribia, mtaa wa Langoni haupitiki. Zamzam alikuwa amebanwa mlangoni kwa muuza halwa, buibui jipya, mkoba wa kompyuta begani, Mahir alipogeuka na sinia lake la halwa akamchafua bega zima.

"Samahani, Bi. Nitalifua mwenyewe."

"Ulifue, Bwana, na pasi ulipige."

Zamzam akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Mahir, mwalimu wa watu kutoka Siyu.

Miezi minne wakapigiana simu kila alasiri. Zamzam alitengeneza mazungumzo ya video ndani ya kivinjari: mtu afungue ukurasa tu, aongee, asipakue chochote. Wenzake walikuwa katika nchi tano, wakitafuta kanuni moja itakayofuatwa na vivinjari vyote.

"Kwa hiyo kazi yako ni kubishana," Mahir alimtania.

"Na wewe je, habibi, hubishani na watoto kutwa?"

Mama yake Mahir, Bi Fahima, alitaka kumwona binti kabla ya kupeleka posa. Zamzam akawapigia mama na mwana huko Siyu kwa programu yake ya majaribio. Salamu zikaenda vizuri. Bi Fahima alikuwa akila, akamkaribisha naye ale huko aliko. Zamzam akamega mkate wa mofa, akapiga bismillahi, akala.

Jioni Mahir akapiga simu.

"Mama amekataa. Zamzam, unakula kwa mkono wa kushoto mbele ya mkweo?"

"Nimekula kwa wa kulia."

"Hata mimi nimeona wa kushoto."

"Umekula kwetu mara ngapi, Mahir, baba yangu yupo? Uliwahi kuniona nikila kwa kushoto?"

Zamzam akakata simu. Namhurumia kijana wa watu, lakini kutomwamini alikosea, na alijua.

Zamzam alilia, kisha akajipigia mwenyewe kwa programu ileile kwenye simu ya pili. Maandishi ya leso yake yakasomeka kinyume. Mtu hupenda kujitazama kama kwenye kioo, ndiyo maana kwenye skrini yake picha yake hugeuzwa. Ile anayopelekewa mwenzake haigeuzwi. Yeye alikuwa amezigeuza zote mbili, na kulia kukawa kushoto. Aliona haya, lakini akawaandikia wenzake kosa lake lote, akaomba kanuni iliseme jambo hilo waziwazi.

Asubuhi akashika boti hadi bandari ya Mtangawanda, akapanda pikipiki hadi Siyu. Mahir akamkuta mlangoni kwao.

"Jana baada ya isha nilimwambia Mama, ya picha siyajui, Zamzam namjua."

"Ulichelewa."

"Nilichelewa. Nisamehe, mpenzi."

Zamzam akampita. Aliingia ndani akamweleza Bi Fahima habari ya kioo tangu mwanzo, machozi yakimlengalenga. Bi Fahima alisikiliza huku akiandaa sinia la wali na samaki.

"Ya kioo siyaelewi. Ndoo hapa, mwanangu, kaa," alisema. "Mkono hufundishwa, hata mtoto hufundishwa. Lakini nilikusema wewe mbele ya huyu, naye kanyamaza. Nikajiuliza, mtoto wa watu nimtie mikononi mwa mume gani? Ndiyo sababu nilikataa. Jana ndipo alipofungua kinywa."

Mahir akainamisha uso. Bi Fahima akafinyanga tonge, akamlisha Zamzam.

"Mwambie babako, Ijumaa tunakuja na posa. Au humtaki tena?"

Zamzam alitafuna tonge, akimtazama Mahir. Kisha akasogea kidogo jamvini, akampisha akae.