Afnan na Rais wa Nne

Kila jioni Afnan alipotoka shule, sebule yao pale Stafford iligeuka darasa. Bibi yake, Mashavu, alikaa kwenye zulia na Mama Capitoline, jirani wa ghorofa ya chini, Mrundi anayetandika vitanda hotelini. Mama Capitoline alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia wa Kimarekani, ambao maswali yake hujibiwa kwa mdomo. Bibi alisomesha watoto Kurani kwao Unguja miaka mingi, kwa hiyo alijua njia moja tu ya kumtia mtu jambo kichwani: liimbe, rudia, mpaka ulimi uzoee.

Majibu yalitoka kwa Afnan, mwanafunzi wa darasa la nane. Walimwita "mwalimu", na kichwa kikamvimba, usiambiwe!

"Mwalimu, huyu James Madison alifanya nini?" Mama Capitoline aliuliza siku moja.

Afnan hakujua. Lakini mwalimu atasemaje hajui? Bila kuinua macho kutoka kwenye simu akajibu, "Aliandika Tangazo la Uhuru."

Haya, Bibi akalitia mahadhi. "Madisoni, Madisoni, mwandishi wa Tangazo!" Mama Capitoline akaliimba jikoni, akaliimba kwenye ngazi, akaliimba hata kazini.

Alhamisi, mwalimu wa historia akafundisha habari za Madison. Madison alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, mgonjwa mgonjwa tangu utotoni, lakini kwa kusoma hakuwa na mchezo. Viongozi walipokutana kutunga Katiba, yeye alifika amejiandaa hasa, na baadaye akaitwa Baba wa Katiba. Akawa waziri wa mambo ya nje, kisha rais wa nne, na wakati wake Waingereza waliingia mji mkuu wakaichoma Ikulu. Na Tangazo la Uhuru? Hilo aliliandika Thomas Jefferson, rais wa tatu.

Afnan akaukumbuka wimbo wa Bibi. Mtihani wa Mama Capitoline ulikuwa kesho asubuhi! Mara ya kwanza alikosa kwa swali moja tu. Hii ilikuwa nafasi ya pili na ya mwisho. Akishindwa, ataanza maombi ya uraia upya.

Ndani ya basi la shule Afnan akajipa moyo, "Huenda wasimuulize." Lakini alipofungua mlango wa nyumbani akamkuta Mama Capitoline, furaha tele: "Madisoni, Madisoni..."

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama Capitoline," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lile jibu la Madison si kweli. Sikulijua. Niliona haya kusema sijui."

Mama Capitoline akashika kichwa. "Yesu na Maria! Mtihani ni kesho, Afnan!"

"We mtoto, we!" Bibi alifoka. "Umeniaibisha kwa mgeni wangu!" Kisha akashusha pumzi. "Basi, kulia hakutufai. Kaa hapa, tuambie lililo kweli."

Afnan akawaeleza. Lakini kila Mama Capitoline alipotaja Madison, ulimi ulikimbilia kwenye Tangazo.

Bibi akajipiga kofi gotini. "Neno lililoingia na mahadhi halitoki kwa kuambiwa toka. Tubadilishe mahadhi! Huko kanisani kwenu mnaimbaje?"

Mama Capitoline akaanzisha mahadhi ya kwaya yao, Bibi akatia maneno: "Madisoni mfupi, Baba wa Katiba." Afnan akapiga makofi. Kabla ya Magharibi, ulimi ulikuwa umetii.

Ijumaa Afnan aliporudi kutoka shule, alimkuta Mama Capitoline kwenye ngazi, mikono juu. "Nimepita! Nimepita!" Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Afnan aliketi palepale ngazini, akicheka kwa furaha.

"Walikuuliza habari za Madison?"

"Hata! Hawakumtaja."

Afnan akashangaa. "Kumbe ningenyamaza tu..."

"Usiseme hivyo, mwanangu," alisema Mama Capitoline, akimshika kidevu. "Mara ya kwanza majibu niliyajua, lakini nilisitasita. Leo sikusita hata kidogo. Ulipokuja mwenyewe kuniambia kwamba hili ulilikosea, nilijua yale mengine yote ni ya kweli."

Bibi akamvuta mjukuu wake ubavuni. "Umesikia? Mwalimu anayethubutu kusema 'sijui' ndiye anayeaminiwa akisema 'najua'."