Mgeni Asiyesindikizwa

Makofi katika wimbo ule yalikuwa ya watu watatu. Hadiya alikuwa na hakika, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao: yeye, binamu yake Nadhira, na Bibi Mwanafatuma, wamekaa mkekani nyumbani kwa bibi kule Waa, na Ishak amesimama mlangoni na kamera. Watatu, kama mafiga. Sasa, mwezi mzima baadaye, katika chumba cha Ukunda walichokigeuza studio kwa kubandika trei za mayai ukutani, alivaa hedifoni akasikia kofi la nne. Lilikuja nyuma kidogo ya mengine, kama mtu aliyefika shughulini amechelewa na hataki kutazamwa.

Alimwita Ishak asikilize. Ishak akasema ni mwangwi wa chumba. Akalikata kofi lile, akaucheza wimbo tena, na kofi lilikuwapo. Akalikata mara ya pili. Lilikuwapo, na safari hii halikuchelewa.

"Mgeni siku mbili," Ishak akatania, "ya tatu tutampa jembe."

Walicheka. Ilikuwa saa sita mchana, mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma, na hakuna aogopaye jini saa kama ile. Hilo lilikuwa kosa lao dogo. Kosa kubwa walikuwa wamekwisha kulifanya.

Kazi yenyewe ilikuwa mradi wao wa mwisho chuoni: video ya wimbo mmoja, pamoja na boksi la albamu lililobuniwa tangu kava hadi uzi wa kulifunga. Ishak alirekodi na kuhariri, Nadhira aliimba, Hadiya alibuni na kuamrisha. Mwalimu wao Samuel, mtu wa bara aliyependa kuvaa shanga za Kimasai mkononi, aliwaambia hataki nyimbo za redioni. Anataka kitu halisi, chenye ladha ya pwani, kwa kuwa hoteli moja ya Diani ilikuwa imeahidi kuyaweka maboksi hayo katika duka lake la zawadi. Hadiya hakuijali hoteli. Alijali sauti ya Nadhira. Tangu utotoni alikuwa ameapa kwamba sauti ile haitazeekea harusini na kwenye maulidi ya mtaani, na hii ndiyo ilikuwa nafasi.

Na kitu halisi kilikuwa kwa bibi yao. Bibi Mwanafatuma alikuwa na wimbo wa pepo wa ukoo, wa yule ambaye hakumtaja kwa jina bali alimwita mgeni tu. Alikataa kuuimba mbele ya kamera. Hadiya, ambaye katika midahalo ya chuo hakuna aliyewahi kumfunga mdomo, alimjadili siku tatu. Alimwambia wazungu wanarekodi nyimbo za kwao, sisi tunazika za kwetu kisha tunalalamika. Mwishoni akasema jambo ambalo baadaye alitamani angekuwa ameumwa na nge kabla hajalitamka: "Bibi, ukifa nao, utakuwa umemfaa nani?"

Bibi aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema ataimba, ila kwa sharti moja, kwamba auimbe wote.

"Huyu huitwa, hupokewa, husindikizwa," alisema. "Wewe mgeni wako wa wali humsukumi mlangoni ukamwacha hapo, mwanangu. Unamtoa mpaka njiani, umwone anakwenda. Basi hata yeye ana haki hiyo."

Sehemu ya kumwita ilikuwa ya kuchangamka, yenye makofi, dakika tatu tu. Ile ya kumsindikiza ilikwenda dakika kumi na moja, haina makofi, sauti moja ya kikongwe ikipanda na kushuka kama mtu anayetembea na fimbo. Kifua kilimbana bibi lakini hakuacha. Hadiya aliangalia saa mara mbili, na bibi alimwona. Alipomaliza aliwaazima bandera yake, kile kitambaa chekundu cha pepo kilichonuka udi na marashi, wakipige picha ya kava, na akawasisitiza wakirudishe.

Alifariki siku ya nane baada ya kuimba.

Samuel alipousikia wimbo aliupenda mwanzo wake kupita kiasi. Mwisho, alisema, unatia usingizi, mtalii hana subira hiyo. Hadiya, mbishi wa kila neno, hili hakulibishia, kwa kuwa ndani ya nafsi yake hata yeye alikuwa amechoshwa. Akamwambia Ishak aukate, abakishe wito peke yake, auzungushe, Nadhira aimbe juu yake. Ishak akauliza ile sehemu ya mwisho aiweke wapi, kompyuta imejaa mpaka inakwama.

"Futa," Hadiya akasema.

Na bandera haikurudishwa. Nani wa kurudishiwa? Hadiya alilia, akakumbatia kile kitambaa, kisha akapata wazo ambalo liliwafanya wote watatu wasisimke: akikate vipande vyembamba, kila boksi lifungwe kwa utepe wa bibi. Maboksi sitini ya kadibodi ya kaki, ndani flashi yenye albamu, kijitabu cha maneno, picha ya mikono ya bibi ikipiga makofi. Ilikuwa kazi nzuri. Hata baada ya yote, Hadiya hakuweza kusema haikuwa nzuri. Siku waliyokuwa wakikata, harufu ya marashi ilijaa chumba mpaka Nadhira akafungua dirisha, na alipolifungua harufu ikawa inaingia kutoka nje.

Maonyesho yalifanyika Ijumaa, katika ukumbi wa chuo, video ikimulikwa ukutani tangu asubuhi, ikiisha inaanza, ikiisha inaanza, na Nadhira amesimama kando ya meza ya maboksi akiimba taratibu pamoja na picha yake mwenyewe. Ilipofika adhuhuri, saa ile ambayo kivuli cha mtu humwingia chini ya nyayo, Hadiya aliona ukutani kwamba Nadhira wa picha amefumba mdomo. Amesimama tu, pembeni mwa mkeka, ameangalia upande wa mlango kama asubiriye mtu ampishe, na Nadhira wa kweli, huku mezani, hakuwa amenyamaza. Aliendelea kuimba, macho wazi, shingo imenyooka, kwa sauti ya kikongwe aliyezikwa Waa wiki nne zilizopita, na alipofika mwisho wa wito akaanza tena bila kuvuta pumzi, na akaanza tena, na wageni, Mungu awasamehe, walidhani ndiyo onyesho lenyewe, wakasogea karibu wakapiga makofi, na kila walivyopiga ndivyo sauti ilivyoongezeka nguvu, na Samuel alikuwa mbele yao wote ameinua simu anarekodi.

Maboksi yote sitini yalichukuliwa na watu siku ile. Nadhira alipelekwa nyumbani amebebwa.

Ndipo maneno ya watu yalipoanza. Walisema ni kwa sababu alicheza kwenye video kichwa wazi. Walisema msichana anayejionyesha hujionyesha kwa wanaoonekana na wasioonekana. Hadiya aliwajibu mmoja mmoja, mlangoni na kisimani, akiwauliza mbona kijana aliyeshika kamera haulizwi kitu, mbona mwalimu aliyetaka ladha haulizwi, mbona yeye Hadiya, aliyefuta, hashikwi hata na homa. Mamake Ishak alikuwa amekwisha kumchukua mwanawe na kumpeleka kwa mjomba wake Kombani, akapumzike, alisema, kijana amechoka na masomo.

Maalim Abdulrahim alikuja akasoma. Nadhira alitulia, akasikiliza kwa adabu, na kila dua ilipoisha alisema amina kwa sauti mbili. Maalim alifunga kitabu, akaomba maji ya kunywa, akawaambia watu wa nyumba kwamba huyu hana ubishi na dini, wamtafute anayejua ngoma yake.

Wakamleta Bi Twaiba kutoka Msambweni, mganga wa kike, mnene, mpole, mwenye kayamba lililofungwa kangani. Hakulifungua. Alipoingia chumbani alisimama, akanusa, akavua viatu.

"Huyu hana haja ya kuitwa," akanong'ona. "Amekwisha kukaa. Mtoto ndiye kiti chake." Kisha akapiga magoti mbele ya Nadhira. "Shikamoo, mgeni. Ni nani aliyekuita?"

Mkono wa Nadhira ukanyooka kwa Hadiya.

Hadiya alikuwa na maneno. Maisha yake yote alikuwa na maneno. "Hatukukuita," akasema. "Ilikuwa video. Kazi ya chuo."

"Niliitwa nikaja," kinywa cha Nadhira kikasema, polepole, kwa lafudhi ya kizamani. "Nilipofika nikaitwa tena. Nikasema nipo, nikaitwa tena. Nguo yangu mkaikata, kila kipande mkakipa nyumba. Kila nyumba inaniambia karibu. Binti, mimi nimechoka."

Hakikuwa na hasira. Hasira Hadiya angeijadili.

"Basi nenda. Nimekuruhusu. Nenda zako."

"Kwa njia ipi?"

Hadiya alimgeukia Bi Twaiba.

"Nisindikizeni," kikasema kinywa kile, na machozi yakamtoka Nadhira, na hakuna aliyeweza kujua ni ya nani.

Bi Twaiba alimvuta Hadiya barazani. Akamweleza kwamba kila mgeni ana njia yake, na njia ni wimbo. Yeye anazijua za wageni wake, hii ilikuwa ya Mwanafatuma. Akamuuliza kama bibi alimfundisha yeyote. Hadiya akasema hakumfundisha. Kwa nini? Kwa kuwa hatukuuliza, Hadiya akasema, tulitaka kurekodi tu. Bi Twaiba akamwangalia kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kofi. "Basi rekodi hiyo iko wapi, mwanangu?"

Hadiya alikwenda Kombani. Mamake Ishak alisimama mlangoni, lakini Ishak mwenyewe alitoka, amekonda, akambeba yeye na kompyuta kwa pikipiki mpaka kwa fundi. Fundi alihangaika siku mbili kuvirudisha vilivyofutwa. Alivirudisha. Dakika kumi na moja, kamili, picha safi kama maji: Bibi Mwanafatuma mkekani, kifua kikimpanda, midomo ikitembea, na sauti hakuna. Fundi alijaribu kila alichokijua. Sauti hakuna. Ilipofika dakika ya sita bibi aligeuza uso, akamwangalia mtu aliyekuwa akiangalia saa, kisha akaendelea kuimba.

Tangu siku hiyo Hadiya hakurudi chuoni. Kila adhuhuri aliketi mbele ya Nadhira na picha ile isiyo na sauti, akiisoma midomo ya bibi yake silabi kwa silabi, akitunga lahani, akiimba. Nadhira alizidi kuwa mwepesi, nguo zikimning'inia, na ile sauti iliyokuwa yake haikusikika tena hata akiomba maji. Mgeni alisikiliza kila jaribio mpaka mwisho, bila kukatiza, kama mkubwa anayemsikiliza mtoto akikosea alfabeti.

"Siyo hiyo," kilisema kinywa cha Nadhira. "Jaribu tena, mwanangu."

Siku ya arubaini ya bibi, watu wakiwa wanapakua wali uani, simu ya Hadiya ililia. Alikuwa Samuel. Alikuwa Nakuru kwa wakwe zake, akasema, na sauti yake haikuwa ile ya darasani. Ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amejibanza nyuma ya mlango. Aliomba radhi kwa kumsumbua. Akaeleza kwamba alichukua boksi moja kumpelekea bintiye mdogo, ana miaka saba, mtoto akaupenda utepe ule akaufunga nyweleni.

"Anaimba kila siku saa sita," akasema. "Kiswahili kile hakijui, Hadiya. Mtoto wangu hajui Kiswahili kile. Jana alinishika shati akaniuliza mwisho wake uko wapi. Nilitaka kukuuliza. Ile sehemu niliyosema ni ndefu. Unayo?"

Hadiya aliishika simu sikioni. Muadhini wa Waa alikuwa akikohoa katika kipaza sauti, kivuli cha mnazi kimerudi chini ya shina lake, na mbele yake Nadhira akanyoosha shingo, akaanza. Na ndani ya simu, kutoka Nakuru, sauti nyembamba ya mtoto ikaanza pamoja naye, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na nyuma ya sauti hizo mbili makofi, ya watu wengi sasa, wengi kuliko mkeka wowote ungeweza kuwakalisha, yakikaribisha, yakikaribisha, mpaka zote zikakatika kwa pamoja, ghafla, pale pale alipoagiza yeye wimbo ukatwe.

Zikaanza tena.