Harufu ya Sukari Garini

Moshi ndio uliowakutanisha. Soko la Kikula, mjini Likasi, lilikuwa limefurika asubuhi hiyo ya mwezi wa tano, akina mama wa mboga wamepanga beseni zao hadi kwenye lami, na fundi Godefroid alikuwa ameegesha break yake ya kijivu, gari kuukuu lenye mgongo mrefu, palepale pasipoegeshwa kitu. Injini ilikuwa ikinguruma, naye akimsubiri muuza vipuri. Kioo kikagongwa. Alipogeuka akamwona msichana mwenye kikwembe cha rangi ya chungwa kiunoni, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa madaha.

“Monsieur,” akasema kwa adabu zote, “moshi ya motokari yako iko napika samaki yangu mara ya pili.”

Godefroid akazima injini, akaomba radhi, akanunua samaki. Kesho yake akanunua wengine. Siku ya tatu mama yake akamuuliza kama kuna matanga mahali, maana jiko lote lilikuwa limejaa samaki wa kukaushwa. Hapo akaona ni afadhali aombe namba ya simu.

Jina lake lilikuwa Orpa. Alilelewa Panda na shangazi yake, tantine Marceline, mama wa kanisa asiyecheka ovyo, na alinunua samaki kandokando ya ziwa Tshangalele akaja kuwauza Kikula. Kipaji chake kilikuwa pua. Hakuhitaji kumtazama samaki. Alimnusa karibu na shavu, akasema ametoka kwenye moshi siku gani, na wauzaji wa kule ziwani walishakoma kubishana naye. Ila alijua vilevile jinsi watu wanavyowasema wauza samaki. Kabla ya kuonana na Godefroid alioga kwa ndimu, mara mbili, akajipaka mafuta, akanusa viganja vyake ndipo akatoka nje. Godefroid hakulijua hilo. Wanaume wengi hawaijui kazi inayofanywa ili wao waseme tu, umependeza.

Mapenzi yao yalienda mbio. Godefroid alimpigia simu akiwa amelala chini ya magari ya wateja, simu imebanwa begani, na wateja wakajifunza kungoja. Jumatatu na Alhamisi alimpeleka ziwani alfajiri kuchukua vikapu vyake. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wamekwisha kubaliana: Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba, Godefroid angekwenda Panda na wajomba zake kujitambulisha kwa tantine Marceline, na kumwomba Orpa rasmi awe mke wake. Fundi huyo alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwa amewahi kutaka jambo kwa kiasi hicho.

Mwezi wa sita huku ni baridi, baridi ya kweli, ile ya kuuma masikio.

“Gode, minye nakufa na baridi,” Orpa akamwambia alfajiri moja, mikono imefichwa kwapani. “Motokari ya mécanicien haina hata moto?”

“Iko na chauffage. Sijaifunguaka hata siku moja.”

“Basi fungua, chéri. Ao unangoja nigande nikuwe glace, uniuze ku marché?”

Godefroid akasukuma kile kitufe kilichokuwa kimekwama miaka nenda rudi. Joto likapanda taratibu, Orpa akavua viatu, akanyoosha vidole vya miguu akafumba macho. Kwa furaha ya asubuhi ile, wiki hiyohiyo Godefroid alimwaga maji yote ya kutu kwenye rejeta akatia dawa ya kijani ya dukani ya kupoza injini, ile anayowatilia wateja tu. Fundi akianza kulijali gari lake mwenyewe, ujue amependa.

Hapo ndipo maji yakaanza kupotea. Kila asubuhi alifungua kifuniko akakuta nusu lita haipo. Alitandika katoni chini ya injini, akazikuta kavu. Akapapasa mipira ya maji mmoja mmoja, akakaza vibano, akachungulia pampu, akatazama kama mafuta ya injini yameingiwa na maji yakawa meupe kama maziwa. Hakukuwa na tone popote. Fundi anayeheshimiwa Likasi nzima alikuwa akishindwa na gari lake mwenyewe, na jambo hilo lilimkosesha usingizi na uungwana.

Orpa naye alikuwa na lake. Siku moja aliingia garini akasita kabla ya kuketi, akasema akicheka kwamba humu kuna parfum ya mwanamke. Godefroid akamjibu kwamba ni ya Orpa mwenyewe. Wiki iliyofuata hakucheka. Kioo cha upande wake kilikuwa na ukungu wa mafuta kwa ndani, kana kwamba kuna mtu alikaa pale akipumua, na zulia chini ya miguu yake lilikuwa bichi. Akauliza ni nani aliyepanda, na kwa nini zulia limeoshwa. Godefroid akasema hakupanda mtu, na kwamba ana mambo ya maana ya kufikiri, maji yanapotea na hajui yanakokwenda.

Mara ya tatu ilikuwa sokoni, mchana, mbele ya wenzake. Siku hiyo Godefroid alikuwa ameshusha rejeta nzima, akaipima, akaikuta haina hata ufa, akairudisha. Alikuwa mweusi kwa grisi hadi viwikoni. Orpa alifungua mlango, akaweka kikapu kitini, akanusa, akakitoa tena.

“Gode, leo utaniambia,” akasema. “Nani anapandaka mu motokari yako? Iko nanukia sukari. Sukari kabisa.”

“Minye niko nasikia tu samaki,” Godefroid akajibu, kwa sauti ya kusikika. “Muntu wa samaki kama weye, parfum utaisikia na pua gani?”

Wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka sokoni. Orpa alifuta viganja kwenye kikwembe chake, akavifuta tena, kisha akajitwisha kikapu akaenda kutafuta usafiri mwingine.

Na huyu bwana, badala ya kumfuata palepale, alikaa siku tano akingoja aombwe radhi, maana alijiona ndiye aliyesingiziwa. Siku ya sita akapiga simu, ikaita ikakatwa. Siku ya saba haikuita kabisa. Mwishowe akampigia tantine Marceline.

“Papa, ile dimanche ya kujitambulisha musikuye,” mama huyo akamwambia, bila ukali. “Mutoto anasema hapana, na minye sitamukaza.”

Wajomba waliopokelewa Panda Jumapili ile walikuwa wa mtu mwingine. Aliitwa Albert, mfanyakazi wa umeme kule Koni, ambaye alikuwa amemwomba Orpa tangu mwaka uliopita akaambiwa asubiri. Kanisani ikatangazwa kwamba ndoa ni mwezi wa tisa. Godefroid aliipata habari hiyo kwa mteja, akiwa ameshika spana, akaendelea kukaza boliti iliyokwisha kukazwa.

Katikati ya mwezi wa nane, kwa kukosa la kufanya na moyo wake, akarudi kwenye yale maji. Alitoboa kifuniko kibovu cha rejeta, akakipachika valvu ya tairi, akakiunganisha na pampu ya baiskeli. Injini ikiwa baridi na kimya, akajaza upepo, akatega sikio. Kwa mbele hakusikia kitu. Kisha tone, na jingine, kutoka nyuma yake, ndani ya gari.

Akafungua mlango wa abiria, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya dashibodi mpaka shavu likagusa zulia. Lilikuwa bichi. Na lilinukia sukari, kwa mbali, kama peremende zilizosahauliwa mfukoni.

Ilikuwa rejeta ndogo ya chauffage, iliyojificha nyuma ya dashibodi. Miaka yote ilikuwa imefungwa, kutu ikiziba tundu zake. Alipoifungua kwa ajili ya Orpa na kutia dawa mpya, kutu ikaachia. Maji yakadondoka miguuni pake, mvuke ukapaka kioo chake, na harufu ilikuwa ya ile dawa. Msichana alikuwa amemwonyesha panapovuja, mara tatu, na yeye akadhani ni wivu tu. Godefroid alilia palepale, kichwa chini ya dashibodi, na sioni aibu kumsimulia, maana alistahili.

Akakata ile mipira miwili inayokwenda kwenye chauffage, akaiunganisha kwa kipande cha bomba la shaba na vibano viwili. Miezi miwili ya kutafuta, dakika ishirini za kutengeneza. Kisha akanawa, akavaa shati safi, akaendesha hadi Panda.

Orpa alitoka akiwa amevaa kikwembe kipya cha bluu, kile kilicholetwa na familia ya Albert. Godefroid hakusalimia vizuri.

“Nilipata kwenye iko navuja,” akasema. “Ni chauffage. Ile harufu ulikuwa nasikia ni maji ya motokari. Hakukuwa mwanamuke, Orpa. Hata mara moja.”

Orpa akashuka kibarazani, akafungua mlango wa abiria, akainama, akagusa zulia kwa vidole viwili, akanusa macho yamefumbwa, kama alivyofanya ziwani.

“Njo ile harufu yenyewe,” akasema, na machozi yakamtoka. “Nakuamini, Gode. Nakuamini kabisa.”

Godefroid akamshika mkono, akaanza kusema kwa haraka kwamba waingie kwa tantine sasa hivi, bado hajaolewa, mambo hutengenezeka. Orpa akamwacha amalize, kisha akautoa mkono.

“Ungekuwa na mwanamuke, ningekasirika, na siku ingine pengine ningekusamehe. Lakini haukuwa na muntu. Nilikuambia kitu ya kweli mara tatu, weye ukaambia soko yote niko nanuka.”

“Nilikuwa nimechoka.”

“Najua. Na utachoka tena. Ile siku nitakuwa bibi yako, sitakuwa na fasi ya kwenda.”

Godefroid akamuuliza kama anampenda Albert. Orpa alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya.

“Bado,” akasema. “Lakini yeye, nikimuambia kitu, anainamaka, anaangalia.”

Tantine Marceline akaita kutoka ndani. Orpa akafuta uso kwa ncha ya kikwembe kipya, akaufunga mlango wa gari polepole.

“Uende muzuri, yaya Godefroid.”

Yaya ni neno la heshima. Huku kwetu humwita hivyo mwanamume yeyote aliyekuzidi umri, hata usiyemjua, unapompisha njiani. Godefroid akaitika, maana ukiitwa hivyo unaitika.