Magoti ya Kinyozi

Kila siku akitoka shule, Kidoti alivua sare, akala, kisha akavuka ua na kuingia chumba cha mbele, alikofanyia kazi bibi yake, fundi cherehani. Jina la Kidoti alilipata kwa sababu ya alama nyeusi kando ya pua yake, nalo lilimganda hata walimu wakalitumia. Kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni, kutunga uzi kwenye sindano, maana macho ya Bibi yalikuwa yameanza kugoma, na kupokea nguo Bibi akiwa jikoni. Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: anayepokea nguo husema neno la mteja kama lilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Mimi hushona kwa masikio kwanza," Bibi alizoea kusema. "Mikono hufuata."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa kijana aliyesokota ncha za masharubu kwa mafuta mpaka zikasimama kama pembe. Alasiri wenzake walikusanyika kwake. Walivaa kofia za zamani, mikanda ya kupitisha mabegani, na suruali zilizoishia juu ya vifundo vya miguu. Waliendesha baiskeli kuukuu zenye kengele za kuamsha mtaa mzima, na walicheza dansi vizuri sana. Watu waliwaita mabishoo, nao hawakuchukia.

Aliyechukia ni Bibi. "Hebu mtazame yule," alinung'unika akiwa dirishani. "Kichwani karani mstaafu, miguuni mtoto anayevuka kijito."

Kidoti alicheka, lakini Bibi hakuwa anatania. Kilichomuudhi kuliko vyote ni zile suruali zao zilizotobolewa magotini kwa makusudi. Alikuwa ameapa kwamba suruali ya namna hiyo haitakanyaga chumba chake, na ikikanyaga ataitumia kuwashia moto wa chai.

Sasa, Jumamosi ile kulikuwa na mashindano ya dansi uwanjani, na mabishoo walikuwa wamemwahidi Kidoti kwamba yeye ndiye atakayewatangulia akipiga filimbi ya kuwaingiza. Hakuna alichokitaka duniani kuliko hicho. Alifanya mazoezi uani mpaka majirani wakaanza kuomba msamaha kwa makosa wasiyoyafanya.

Alhamisi kinyozi alivuka barabara na suruali yake ya jinzi. Zipu ilikuwa imekufa. Aliomba zipu mpya tu, basi, tena kabla ya Jumamosi, kwa kuwa hiyo ndiyo suruali yake ya kuchezea. Magoti yote mawili yalikuwa wazi, nyuzi nyeupe zikining'inia kama ndevu za beberu.

Bibi alipotoka jikoni aliuliza suruali ile ni ya nani.

Kidoti alipiga hesabu haraka. Akisema ukweli, suruali itarudishwa ilikotoka, kinyozi hatacheza, na filimbi itabaki mfukoni. Akajibu kwamba ni ya mwashi mmoja wa lile jengo jipya, ameanguka kazini.

Uongo ukishazaliwa huomba ndugu. Bibi alitaka kujua kama mwashi huyo ameumia, Kidoti akasema kidogo. Je, ana mke? Hana. Na mama? Mama yuko mbali. Bibi aliigeuzageuza suruali mikononi, uso ukamlegea kwa huruma.

"Maskini, mtoto wa watu," alisema. "Hana hata wa kumshikia sindano."

Kidoti alikumbuka kutaja zipu, akadhani mambo yamekwisha.

Ijumaa alipotoka shule alimkuta Bibi ameketi wima, ameridhika kama mtu aliyemwozesha binti. Suruali ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa. Zipu ilikuwa mpya. Na magoti yote mawili yalikuwa yamezibwa. Bibi alikuwa ametafuta kitambaa cha rangi ileile, akakiweka kwa ndani, kisha akapitisha uzi kwa mkono, juu na chini, juu na chini, mpaka usingeweza kujua tundu lilianzia wapi. Kazi hiyo ilikuwa imemchukua tangu asubuhi.

 Kabla Kidoti hajapata la kusema, kinyozi akapiga hodi na kuamkia.

Bibi aliitikia marahaba, akaitazama kofia yake, akaamua kuisamehe kwa siku ile. Alidhani kijana ametumwa tu. "Haya, mpelekee mwenzako," alisema. "Mwambie akipiga magoti kwenye zege aweke gunia."

Kinyozi aliikunjua suruali. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akarudi mbele.

"Mwenzangu yupi, Bibi?"

"Mwashi."

"Mwashi gani?"

Wote wawili wakamgeukia Kidoti. Hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Akasema yote, mwashi, kuanguka na mama wa mbali, huku macho yake yakiwa juu ya pini moja iliyolala sakafuni.

Bibi hakugomba, na hilo lilimtisha Kidoti kuliko kugomba. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake.

"Kwa hiyo hakuna aliyeanguka."

"Hakuna, Bibi."

"Na mimi kutwa nzima namwombea apone."

Kinyozi alitaka kucheka, akajizuia. Kisha akauliza kwa upole matundu yale yanamuudhi Bibi kwa lipi, maana hayamuumizi mtu.

"Yananiumiza mimi," Bibi alijibu.

Akawaeleza. Alipokuwa msichana alikuwa na gauni moja la shule. Lilipotoboka, mama yake alirudi kutoka kulima, mikono imevimba, akalishona kabla giza halijaingia, kwa sababu mtoto aliyekuja shule na nguo iliyotoboka aliambiwa na wenzake kwamba kwao hakuna mtu. Kisha mama akaugua, akafa.

"Siku gauni lilipotoboka tena," Bibi alisema, "ndipo nilipojua kweli hakuna mtu, maana baba hakujua hata kushika sindano. Nikajifunza sindano mwenyewe. Sasa nikiona tundu, nakasirika kabla sijafikiri. Lakini ukiichunguza hasira hiyo, ndani yake ni hofu. Naona kijana asiye na mtu."

Kinyozi alivua kofia. Alisema hakujua kwamba mtu anaweza kutazama magoti yake akaona yote hayo. Kwao wao, mavazi yale ni ya kujuana tu, na ya kujifurahisha kwa namna yao. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtundu, akauliza kama vijana wa zamani walivaa vile wazazi wao walivyotaka.

Bibi alisitasita. Akakiri kwamba aliwahi kununua viatu vyenye soli nene kama tofali, na baba yake akamuuliza kama anakwenda kupaka dari chokaa.

"Alikuwa anaogopa utaanguka," kinyozi alisema.

"Nilianguka. Mbele ya watu. Lakini yeye sikumwambia."

Hapo kicheko kikawaponyoka wote. Bibi alipomaliza kucheka alimpa Kidoti mkasi mdogo, akamwambia kazi iliyoletwa na uongo hufumuliwa na mwenye uongo. Yeye mwenyewe aligeuza kiti akaelekea ukutani, maana hakuweza kutazama.

Kidoti alifumua goti la kwanza. Mishono ilikuwa midogo kama chembe za chumvi, na kila mmoja alioukata aliuona kama siku ya Bibi inayomwagika. Machozi yalimlengalenga. Alipolishika goti la pili, kinyozi akamzuia mkono.

"Hilo liache. Mama yangu yuko mbali kweli, Bibi. Goti moja nalo lijue lina mtu."

Bibi hakugeuka. Ila alimwambia Kidoti, kwa sauti iliyokwaruza kidogo, akatafute filimbi yake aisafishe, kesho haiko mbali.

Jumamosi Kidoti aliingia uwanjani akiwa mbele, mashavu yamejaa upepo, na mabishoo nyuma yake. Kinyozi alicheza goti moja wazi, goti moja limezibwa. Kando ya uwanja, jirani yao muuza mkaa alitikisa kichwa, akamwambia Bibi aliyekuja kutazama kwamba vijana wa siku hizi wameharibika, hebu atazame mavazi yale.

"Nayatazama," Bibi alijibu. "Goti la kushoto ni kazi yangu."

Walipokuwa wakirudi nyumbani Kidoti aliomba radhi tena. Bibi alimshika bega.

"Ungeniambia ukweli ningegomba, ningechoka, ningetia zipu," alisema. "Sisi wazee hugomba tunapoogopa, mjukuu wangu, na kugomba si kukataa. Usitukimbie kwa uongo. Simama utueleze, halafu utuulize tunaogopa nini. Na sisi, tukikumbuka, tutawauliza mnafurahia nini."

Wakaendelea kutembea. Baada ya hatua chache Bibi akauliza kama kofia zile huuzwa pia kwa wanawake.