Mlango Kwenye Ukuta wa Mama

Mara ya kwanza mchora ramani alidhani amekosea yeye mwenyewe. Ilikuwa saa nane mchana, bati linalia kwa jua, mama amemaliza uji wake, mara kioo cha kompyuta ndogo kikawa cheusi na kumwandikia: Mtumiaji mwingine ameingia. Umetolewa.

"Mtumiaji gani tena?" aliuliza kwa sauti.

Mama alikuwa amelala kitandani kando yake. Tangu kiharusi kimshike miezi mitatu iliyopita alikuwa hasemi wala hainuki. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki na nguvu.

Kwa ajili yake binti alikuwa amehamisha kazi. Ramani za nyumba ni nzito, zilifunguka kwenye kompyuta kubwa peke yake, nayo ilikuwa chumba cha nyuma, mbali na mgonjwa. Basi shemeji yake, mume wa dada yake, fundi wa mitandao, akaziunganisha hizo mbili ili akae kwa mama na kuitumia ile kubwa kupitia hii ndogo. Sharti lilikuwa moja: kompyuta kubwa hupokea mtu mmoja tu, akiingia wa pili, wa kwanza hutupwa nje. Na nyumba nzima walikuwa wawili, yeye na mama.

Alijaribu tena, akaingia. Baada ya dakika tano akatolewa. Mara ya nne akampigia shemeji.

"Shem, kompyuta imelala hiyo," shemeji alisema huku anatafuna. "Mchana huu nani hasinzii?"

"Ingekuwa imelala ingenifukuza?"

"Haya, basi anwani imebadilika. Zima ruta, hicho kisanduku cha mtandao, hesabu mpaka thelathini, washa. Dawa ya kila ugonjwa ni hiyo. Laiti dada yako naye angekuwa na kitufe!"

Binti akacheka, akazima, akawasha. Shemeji akamwelekeza kwenye ukurasa wa ruta, amsomee vifaa vilivyounganishwa.

"Kompyuta kubwa. Ndogo. Simu yangu." Akashusha ukurasa. "Na kingine. Hakina jina."

"Jirani huyo, anakuibia mtandao. Badilisha nywila, abaki nje na aibu yake."

Akabadilisha. Vyote vikatoka. Alipoirudisha kompyuta ndogo peke yake, akakuta kimoja kimemtangulia, kile kisicho na jina.

Shemeji aliacha kutafuna. "Shem, kuna mtu yeyote ulimruhusu?"

Hapo akakumbuka. Jana, mkono mmoja umeshika kijiko cha mama, kidirisha kilijitokeza: Kuna anayeomba kuingia. Unamruhusu? Akabonyeza Ndiyo, akaendelea na kijiko. Ndivyo walivyolelewa. Kwao hodi hujibiwa karibu kwanza, jina huulizwa mgeni akishakaa.

"Nilidhani ni wewe," alinong'ona.

"Mimi jana sikugusa kompyuta."

Kutoka chumba cha nyuma kikasikika kipanya kikibonyezwa. Ta-ta. Ta.

Akashika njia ya ukumbini simu ikiwa sikioni, moyo ukimsukuma, kwa sababu lolote lililoingia nyumba ile lingemkuta mama hawezi hata kupiga kelele, na kila hatua harufu ilizidi, harufu ya udongo wa shimo lililochimbwa leo, ndani ya nyumba iliyopigwa saruji kila pembe, na zile ta-ta zikaenda mbio, mbio zaidi, mpaka alipousukuma mlango zikanyamaza.

Hapakuwa na mtu. Alikigusa kiti, kilikuwa cha moto.

Kwenye kioo palikuwa na ramani asiyoichora yeye. Ilikuwa nyumba yao, kila dirisha kwa kipimo chake, na kitanda cha mama mahali pake. Ubavuni mwa kitanda, kwenye ukuta wa nje ambao hauna hata tundu, palichorwa mlango. Umefungwa. Alipokuwa akitazama, kishale kikasogea chenyewe, kikaushika ubao wa mlango na kuanza kuuzungusha polepole.

"Shemeji, anaufungua."

"Anafungua nini?"

"Mlango wa chumbani kwa mama. Mlango ambao haupo!"

"Chomoa waya! Chomoa sasa hivi!"

Hakuchomoa. Aliogopa kwamba akiizima kompyuta, mlango ungebaki pale pale, wazi, karibu na kichwa cha mama. Akakikamata kipanya, kikawa kizito kana kwamba kuna kiganja juu ya kiganja chake, akakivuta, akaufuta mlango, akaunyoosha ukuta, akahifadhi, kisha akang'oa waya na kukimbia, simu bado mkononi.

Mama alikuwa salama. Binti aliupapasa ukuta juu hadi chini. Ulikuwa mzima, baridi.

"Kwisha, mama," alisema. "Nimeufuta. Hapiti tena hapa."

Ndipo kazi yake mwenyewe ilipomsuta. Miaka kumi na miwili alikuwa anachora milango, na ule ulifungukia nje. Aliyeingia jana kwa ruhusa yake alikuwa akijichorea njia ya kutoka, aende zake. Naye ameiziba.

Harufu ya udongo ikajaa chumbani.

"Shem," shemeji aliita kwenye simu kwa sauti ndogo, "huyo anayehema hapo ni nani? Ni mama?"

Hakuwa mama. Mama alikuwa amebana pumzi. Macho yake yalipita bega la binti yake, yakapanda, yakaendelea kupanda mpaka karibu na dari. Kisha ule mkono wa kushoto ukamshika binti shingoni, ukamvuta kifuani kwa nguvu zote zilizobaki, ukamfunika shuka gubigubi, kama mtoto mdogo anayefichwa asione.