Mkono Uliopiga Mkeka

Kila Jumamosi asubuhi Najwa alimpelekea baba yake chai na mahamri gereji. Gereji yenyewe ilikuwa kiwanja kidogo kando ya barabara ya Rhonda, na baba huyo, Mzee Nasir, alikuwa fundi wa breki. Hakugusa injini wala rangi. Breki tu. Watu walimletea magari hata kutoka Naivasha, maana gari likitoka kwa Nasir, ukikanyaga breki linasimama.

Jumamosi hiyo Najwa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuja na lake moyoni.

"Baba, nataka kujifunza judo."

Chai ilimpalia Nasir. "Judo? Ile ya kuangushana chini?"

"Hiyo hiyo. Kigen anaifanya. Klabu yao iko mjini, ina vikombe vimejaa dirishani!"

Kigen alikuwa jirani yao, mvulana wa miaka kumi na minne, na tangu aanze judo alitembea kifua mbele kama jogoo. Neno lake lilikuwa moja: "Kwetu hakuna kupiga mkeka!" Katika judo, mtu akibanwa mpaka anaanza kuumia, huupiga mkeka kwa kiganja, na mwenzake humwachilia papo hapo. Kigen alisema hayo ni mambo ya waoga. Najwa naye aliyarudia maneno hayo mbele ya baba yake, tena kwa fahari.

Nasir aliweka kikombe chini. "Tutakwenda nikaone kwa macho yangu. Lakini sikiza, mwanangu. Nikiona mtoto ameumizwa, habari ya judo imekwisha nyumbani kwangu."

"Sawa, Baba." Najwa alikubali haraka. Nani angeumizwa mahali penye vikombe vyote vile?

Alasiri wakafika. Vikombe vilikuwepo kweli, vinang'aa. Kocha Jeff, mwanamume mwenye shingo nene, aliwapokea vizuri na kuwapa viti.

"Karibu, mzee. Hapa tunatengeneza simba."

"Na mtoto akiumia?" Nasir aliuliza.

"Haumii, mzee. Anakomaa."

Kigen aliingia mkekani na mvulana mkubwa kuliko yeye. Akamkonyeza Najwa. Punde si punde alikuwa chini, mkono wake umenyooshwa na kubanwa, kiwiko kinapelekwa upande kisikopindika. Uso wake ukabadilika. Kisha Kigen, yule yule wa kifua mbele, akaupiga mkeka. Pa! Pa!

Mvulana mkubwa akamtazama kocha.

"Endelea!" Jeff alisema. "Hapa hakuna kupiga mkeka."

Wenzao wakacheka. "Wacha woga, Kigen!"

Pa! Pa! Pa! "Naumia! Kocha, naumia!"

Kiwiko kikalia: ka!

Kicheko kilikatika. Najwa alisimama mdomo wazi. Hakuamini masikio yake. Kigen alikuwa akigaagaa na kulia, na Kocha Jeff alikuwa akimwangalia tu, mikono kiunoni.

"Atazoea," akasema.

Atazoea! Jamani, mtoto analia sakafuni, mtu mzima anasema atazoea!

"Lahaula!" Nasir alipaza sauti. Aliingia mkekani na viatu vyake vya gereji, akambeba Kigen, na hakuaga mtu.

Hospitalini waliambiwa kiwiko kimeteguka. Daktari Joyline alikirudisha mahali pake na kukifunga. Mama yake Kigen alifika akihema.

"Kwani hukuwaambia waache?"

"Niliomba, mama," Kigen alijibu kwa sauti ndogo. "Niliomba sana."

Neno hilo lilimchoma Najwa. Daktari alitikisa kichwa. "Binti yangu yuko judo kule Lanet, kwa Kocha Chepchirchir. Lakini msichukue neno langu. Shule yoyote ya michezo ya kushikana, nendeni mketi, mtazame mtoto akipiga mkeka kunatokea nini."

"Hapana, daktari," Nasir alisema. "Kwangu judo imekwisha."

Najwa hakubisha. Ahadi ni deni, na alikuwa amekubali mwenyewe. Ila usiku ule alilia chini ya blanketi, polepole, asisikike.

Wiki zikapita. Siku moja gari lilivutwa hadi gerejini, limepondeka mbele. Breki zilikuwa zimekatika. Nasir alilizunguka, kisha akamgeukia Najwa aliyekuwa amesimama na birika.

"Hili limegonga kwa kukosa breki. Je, niseme magari yote yasitembee?" Akafuta mikono. "Nilisema kwa hasira. Vaa, twende Lanet tukatazame."

Ukumbi wa Lanet ulikuwa safi, na watoto walikuwa wakijifunza kuanguka. Kuanguka tu! Kocha Chepchirchir, mwanamke mrefu mwenye mkanda mweusi wa waliobobea, alimwita Najwa mkekani.

"Nishike mkono hivi. Haya, unyooshe."

Najwa aliunyoosha kidogo tu. Pa! Pa! Kocha alipiga mkeka.

Najwa alimwachilia kama aliyeshika sufuria ya moto. Mkanda mweusi mzima, kupiga mkeka kwa mtoto asiyejua hata kufunga mkanda! Tena hakuna aliyecheka.

"Nimekuumiza, mwalimu?"

"Hata kidogo. Lakini ningengoja ningeumia, kwa hivyo sikungoja."

"Na mtoto akikataa kupiga?" Nasir aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Basi aliyemshika huachilia, mzee. Mkono ni wa mwenzake, si wake."

Nasir alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Jumamosi ijayo chai nitajiletea mwenyewe. Wewe utakuwa huku."

Kiwiko cha Kigen kilipopona, na daktari aliporuhusu, naye alikuja Lanet. Siku moja Najwa alimbana mkono. Kigen aliuma meno, uso umekunjamana, mkeka haupigi. Najwa akamwachilia.

"Mbona umeniacha? Sijapiga."

"Najua."

Kigen alikaa akishika kiwiko chake, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani mtacheka," alisema.

Nasir, aliyekuja kuwachukua, alichuchumaa karibu yake. "Kigen, gari halisifiwi kwa honi. Lisiposimama ukikanyaga breki, ni la kuua watu, hata ling'ae vipi. Kusema basi si woga, mwanangu. Na mahali unaposema basi wakacheka, toka, hata pawe na vikombe mpaka darini."

Kigen alipangusa uso, akamwita Najwa mkekani. Safari hii, alipobanwa, aliupiga mkeka kwa nguvu, ukumbi mzima ukasikia. Najwa alikuwa ameshaachilia.