Namba Yake ya Kuwashia

Mwanamke alikuwa ameshatoka geti la ghala, ndala miguuni, viatu vya kazi mkononi, sketi ya buluu imejaa vumbi la vigae, wakati dereva mwenzake alipomkimbilia.

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Nimekusikiliza miaka miwili. Masikio yamechoka."

Walipendana siku foklifti ndogo za umeme, mashine za kuinulia mizigo, zilipoletwa. Hazikuwa na moshi wala makelele, na zilipenya kati ya rafu kama panya mwenye nyumba yake. Madereva walisongamana kuzijaribu, na hawa wawili wakakalia kiti kimoja, kila mtu nusu.

"Shuka dada, hiki si kiti cha harusi."

"Shuka wewe, bwana harusi."

Ghala zima likacheka. Mwezi haukuisha wakawa chanda na pete.

Kila dereva alikuwa na namba yake ya siri. Bila namba mashine haiwaki, na ikigonga kitu kompyuta inaandika namba iliyoiwasha. Mwanamume alifungiwa yake wiki nzima kwa kwenda mbio.

"Niazime yako, roho yangu. Nitaendesha kama bibi kizee."

Kuazimana namba ni kosa la kufukuzwa. Akampa. Umempa mtu moyo, utamnyima tarakimu nne?

Asubuhi ya siku hii ya getini, mwanamume aliiwasha mashine kwa namba hiyo, akakata kona mzigo ukiwa juu, akagonga nguzo ya rafu. Vigae vikamwagika sakafu nzima. Hakuumia mtu. Msimamizi akafungua kompyuta mbele ya madereva wote.

"Namba hii ya nani?"

"Yangu," alisema mwanamke, akamgeukia mpenzi wake, akangoja. Mwanamume aliitazama betri iliyokuwa kwenye chaji kama mtu anayesoma barua. Mwanamke akafukuzwa papo hapo.

Sasa, nje ya geti, ulimi ulimfunguka. "Ningesema, tungefukuzwa wote. Nikaona heri mmoja abaki."

"Na ukachagua nani abaki."

"Mbona nawe hukunitaja?"

"Nilikuachia nafasi ujitaje mwenyewe."

"Tufunge ndoa mwezi ujao, mama. Nitakutunza."

"Umesimama mbele ya watu saba ukashindwa kusema 'ni mimi'. Utaweza kusema 'nimekubali' mbele ya ukumbi?"

Jioni mwanamume alipiga simu mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Nitamwambia msimamizi kila kitu, laazizi."

"Lini?"

"Kesho."

Mwanamke akakata simu.

Mwanamume alimwambia msimamizi baada ya miezi mitatu, alipokwisha kupata kazi kwingine. Ajali ikafutwa kwenye rekodi ya mwanamke, lakini nafasi yake ilishapata mtu. Alikaa mwaka mzima bila kazi, kisha akaajiriwa kwenye ghala la dawa, ambako sasa anafundisha madereva wapya. Ameolewa na fundi wa majokofu. Wana binti mmoja. Mwanamume anaendesha lori la mchanga. Alichumbia mara mbili, hajaoa. Msimamizi amestaafu. Ile rafu iling'olewa, mahali pake pakawekwa chaja mbili zaidi.